Kutenga nafasi ya bakapu kwenye diski ya nje: mwongozo kamili kwa kompyuta ya nyumbani

Diski ya nje inayonunuliwa kwa ajili ya bakapu, yaani nakala ya akiba ya mafaili, mara nyingi ndiyo diski pekee yenye nafasi nyumbani, na nafasi tupu haikai. Filamu zinaingia, picha za harusi zinaingia, video za masomo zinaingia. Siku bakapu inapokosa mahali pa kuandika, haipigi kelele. Windows inaonyesha ujumbe mdogo pembeni mwa skrini ambao watu huufunga bila kuusoma, na kuanzia hapo nakala inabaki ile ile ya zamani. Tatizo linajulikana kompyuta ikishaharibika.

Dawa ni kuipa bakapu patisheni (kipande cha diski chenye mpaka wake) yake peke yake, iliyopimwa na kukatwa kabla kitu kingine hakijaingia kwenye diski. Folda iliyoandikwa "Bakapu" haitoshi kwa sababu haina mpaka: filamu zilizo kwenye folda jirani zinakula nafasi ile ile. Patisheni ina mpaka. Upande wa filamu ukijaa, umejaa wenyewe.

Tutafuata mfano mmoja: laptopu ya Windows 11 yenye SSD (diski isiyo na sahani zinazozunguka) ya GB 512, na diski ya nje ya TB 2 ambayo familia inataka pia kuwekea filamu na muziki. Wenye Mac na Linux wana sehemu zao mbele, lakini hesabu ya nafasi ni ya wote.

Jambo moja lieleweke mapema. Patisheni inalinda nafasi, hailindi chombo. Diski ikifa, pande zote mbili zinakufa pamoja. Kwa hiyo upande wa pili uwekwe tu vitu vyenye nakala kwingine au vinavyopatikana tena. Picha za familia zilizoondolewa kwenye laptopu ili kupunguza mzigo na kubaki kwenye diski ya nje tu zimehama makazi. Bado zina nakala moja, na ziko hatarini kama mwanzo.

Pima kabla ya kukata

Fungua File Explorer, nenda C:\Users, bofya kulia kwenye folda yenye jina lako, chagua "Properties" na usubiri hesabu iishe. Andika namba mbili. Kwenye dirisha hilo kuna "Size" na "Size on disk". Zikitofautiana sana, "Size" ikiwa kubwa kuliko nyenzake, huenda sehemu ya mafaili yako yamo OneDrive na kwenye laptopu kuna majina tu. Mafaili hayo yana alama ya wingu pembeni, na programu ya bakapu haiwezi kunakili kitu ambacho hakipo kwenye diski. Bofya kulia kwenye folda husika na uchague "Always keep on this device", kisha acha yashuke yote. Mwenye Mac aliyewasha "Optimize Mac Storage" ya iCloud ana tatizo hilo hilo.

Baada ya hapo bofya kulia kwenye C: yenyewe na uandike "Used space".

Tuseme katika mfano wetu mafaili ya familia ni GB 180, na C: nzima imetumia GB 290. Hesabu inakwenda hivi:

Mafaili ya sasa ni GB 180. Kadiria yatakavyoongezeka kwa miaka 3, ambao ni muda wa haki kabla ya kufikiria diski nyingine. Kwa nyumba inayopiga picha na video kwa simu, GB 40 kwa mwaka si nyingi, kwa hiyo ongeza GB 120. Jumla ni GB 300. Ongeza nusu yake kwa ajili ya matoleo ya zamani ya mafaili: GB 450.

Ukitaka pia taswira ya mfumo mzima, yaani nakala ya Windows, programu na mipangilio yote kwa pamoja, itachukua kiasi kinachokaribia matumizi ya C:, yaani GB 290. Mafaili yakiongezeka nayo inaongezeka, kwa hiyo ihesabu kuwa GB 410. Jumla kuu ni GB 860. Tenga GB 900.

Ile nusu ya matoleo ya zamani ndiyo watu hukosea zaidi, kwa pande zote mbili. Picha na video hazibadiliki zikishapigwa, hivyo hazizai matoleo. Nyaraka za Word zinabadilika kila siku lakini ni ndogo. Hatari iko kwenye mafaili makubwa yanayobadilika, kwa sababu File History, chombo cha bakapu cha Windows, hunakili faili zima kila linapobadilika, hata kama ni mstari mmoja tu ulioguswa. Faili la programu ya hesabu za duka lenye GB 3, likibadilika kila saa kwa siku ya kazi ya saa 8, laweza kumeza GB 24 kwa siku moja. Kwa mwezi limemaliza nafasi yote iliyokuwa imebaki kwenye patisheni. Faili la namna hiyo liondoe kwenye File History na litolee nakala moja kwa siku kwa kutumia chombo cha bakapu kilichomo ndani ya programu yenyewe ya hesabu.

Sasa upande wa diski. Mtengenezaji anahesabu TB 1 kuwa baiti 1,000,000,000,000. Windows inagawa kwa 1,024 kila hatua, ndiyo maana diski ya TB 2 inaonekana kuwa na TB 1.81, sawa na takriban GB 1,862. Hakuna kilichoibwa. Ukitoa GB 900 za bakapu, zinabaki kama GB 962 za filamu. Kama nyumbani kuna laptopu mbili, kila moja ipigiwe hesabu yake. Katika mfano huu laptopu ya pili yenye ukubwa sawa ingeimaliza diski yote, na hapo ni heri kuachana na wazo la filamu au kununua diski ya TB 4.

Diski ya kuchagua

Kwa bakapu ya nyumbani, diski ya sahani zinazozunguka ya inchi 2.5 inatosha na ndiyo yenye bei nafuu kwa kila GB. Inapata umeme kupitia kebo ya USB. Ile ya inchi 3.5 inahitaji adapta yake ya ukutani. SSD ya nje ina kasi zaidi na haiogopi kudondoka sana, lakini haifai kufungiwa kabatini miaka bila kuwashwa, kwa sababu chaji inayotunza data huvuja taratibu. Flashi usiitumie kwa kazi hii: nyingi hazikutengenezwa kwa uandishi wa kila siku.

Angalia tundu. USB 2.0 hutoa mkondo wa mA 500, USB 3.0 hutoa mA 900. Diski inayolia tik-tik au kuonekana na kupotea mara nyingi inakosa umeme. Ichomeke moja kwa moja kwenye tundu la laptopu, mara nyingi lenye rangi ya buluu ndani, wala si kwenye kigawanyo cha USB kisicho na adapta yake. Tofauti ya kasi nayo ni kubwa: kwa USB 2.0 utapata kama MB 35 kwa sekunde, hivyo nakala ya kwanza ya GB 400 itachukua zaidi ya saa 3. Kwa USB 3.0 diski hiyo hiyo ikienda MB 100 kwa sekunde inamaliza kwa saa moja na dakika chache. Mafaili madogo madogo mengi yatavuta muda huo hata mara mbili au tatu.

Diski nyingi za inchi 2.5 huandika kwa mtindo wa SMR, ambapo njia za data zinalaliana kama vigae vya paa. Kubadilisha njia moja kunalazimu kuandika upya zilizo jirani. Ukimwaga mamia ya GB kwa mpigo, kasi inaweza kuanguka ghafla katikati ya kazi. Diski haijaharibika. Iache imalize, ikiwezekana usiku.

Popote ulipoinunua, ithibitishe ukubwa wake kabla ya kuiamini. Kuna diski na flashi bandia zilizochezewa ili zijitangaze kuwa na TB nyingi, zinazopokea mafaili bila kulalamika na kuandika juu ya yale ya mwanzo. SSD ya "TB 16" kwa bei ya flashi ni ya aina hiyo. Kwa Windows tumia H2testw, kwa Mac na Linux tumia F3. Programu hizi hujaza nafasi yote na kusoma zilichoandika. Kwa TB 2 kazi hiyo inaweza kuchukua saa 11 au zaidi, na inastahili kila dakika. Ifanye diski ikiwa tupu.

Kukata patisheni kwenye Windows

Kama diski ina kitu, kihamishe kwanza. Zoezi lolote la kugusa patisheni linaweza kukatizwa na umeme. Laptopu iwe na chaji kamili na iwe imechomekwa. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS, yaani betri ya akiba.

Bofya kulia kitufe cha Start, chagua "Disk Management". Chini utaona mistari: Disk 0, Disk 1 na kuendelea. Disk 0 kwa kawaida ndiyo ya ndani. Usibofye chochote mpaka uhakikishe diski ya nje ni ipi kwa ukubwa wake. Njia salama ni kuichomoa, kutazama mstari upi unatoweka, kisha kuichomeka tena. Kukosea hapa ndiko kunakofuta kompyuta za watu.

Diski ikiwa tupu, au ukiwa radhi ifutwe:

1. Bofya kulia kwenye patisheni iliyopo ya diski ya nje, chagua "Delete Volume". Nafasi inakuwa nyeusi, "Unallocated". Diski mpya kabisa inaweza kuuliza mtindo wa kupanga patisheni: chagua GPT. MBR ya zamani haivuki TB 2.

2. Bofya kulia nafasi hiyo, chagua "New Simple Volume". Dirisha linataka ukubwa kwa MB, na GB 1 ni MB 1,024. GB 900 ni MB 921,600. Andika 921600 bila mkato.

3. Chagua herufi iliyo mbali na za kawaida, kwa mfano M. Ukiacha D au E, flashi iliyochomekwa mapema siku moja inaweza kuichukua, na amri yoyote ya kunakili iliyoandikwa kwa herufi hiyo ikaenda mahali pasipo pake.

4. Fomati (mtindo wa kupanga mafaili kwenye diski) iwe NTFS, "Allocation unit size" iache "Default", jina liwe BAKAPU. Acha "Quick format" ikiwa na tiki.

5. Rudia kwa nafasi iliyobaki: ukubwa wote, herufi N, jina FILAMU. Hapa NTFS inafaa kama diski haitoki kwenye Windows. Chagua exFAT kama itachomekwa pia kwenye Mac au runinga, ukihakikisha kwanza runinga yako inaisoma.

Kwa nini NTFS kwa bakapu na si exFAT? Kwanza, taswira ya mfumo inakubali NTFS tu. Pili, NTFS ina jarida la mabadiliko: umeme ukikatika katikati ya kuandika, mfumo unajua ulipofikia na kujirekebisha. exFAT haina jarida hilo, na kukatika mara moja kunaweza kuharibu orodha ya mafaili. FAT32 iache kabisa, haipokei faili moja lenye GB 4 au zaidi.

Kama diski ina mafaili ambayo huna pa kuyahamishia na tayari ni NTFS, bofya kulia kwenye patisheni hiyo na uchague "Shrink Volume", kisha andika kiasi cha kupunguza, 921600. Hapa hukwama watu wengi: Windows inasema inaweza kupunguza GB 300 tu ilhali kuna GB 1,000 tupu. Sababu ni mafaili yasiyohamishika yaliyokaa mbali kuelekea mwisho wa diski, na upunguzaji unaishia yalipo. Kwa diski ya sahani, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike

defrag N: /X

ukiweka herufi ya diski yako. Amri hii inakusanya nafasi tupu pamoja. Jaribu tena. Ikikataa, azima diski, hamisha kila kitu, na uanze upya kwa hatua tano za juu. Baadhi ya diski hutoka kiwandani zikiwa exFAT, na exFAT haipunguziki kwa chombo hiki. Hapo kuhamisha ni lazima.

Kuiamuru File History

Fungua Control Panel, "System and Security", kisha "File History". Ikiwa inaonyesha diski nyingine, bofya "Select drive" na uchague BAKAPU (M:). Bofya "Turn on".

Usiishie hapo, maana mipangilio ya mwanzo ina tatizo. Ndani ya "Advanced settings", "Keep saved versions" huwa "Forever": matoleo hayafutwi kamwe, na patisheni yoyote, hata ya GB 900, itajaa siku moja na kazi kusimama. Badilisha iwe "Until space is needed", ambapo ya zamani yanafutwa nafasi ikihitajika. Hii ndiyo faida halisi ya kuwa na patisheni ya peke yake: ukichagua hivyo kwenye diski iliyochanganywa, filamu zinapojaa ndizo zinazosababisha historia ya nyaraka zako kufutwa. "Save copies of files" acha kila saa, au kila siku kama diski unaichomeka jioni tu.

File History inafuata maktaba za Windows (Libraries), Desktop, Contacts na Favorites. Usidhani Downloads imo, wala folda uliyoitengeneza moja kwa moja kwenye C:\. Bofya kulia kwenye folda hiyo, "Show more options", "Include in library". Kwa upande mwingine, "Exclude folders" itumie kwa folda yenye lile faili kubwa la hesabu na kwa folda ya video unazoendelea kuzihariri.

Taswira ya mfumo inatengenezwa kwa mkono: Control Panel, "Backup and Restore (Windows 7)", "Create a system image", chagua M:. Chombo hiki ni cha zamani na Microsoft ilitangaza mwaka 2017 kuwa haikiendelezi tena, lakini bado kinafanya kazi. Kitumie mara moja kila miezi michache na kabla ya mabadiliko makubwa. Tengeneza pia flashi ya kuokolea kwa "Create a recovery drive", ukitumia flashi ya GB 32 isiyo na kitu muhimu maana itafutwa. Bila flashi hiyo, kompyuta isiyowaka inaweza kukosa njia ya kuifikia taswira. Kumbuka pia kwamba taswira iliyotoka kwenye diski ya GB 512 inataka diski ya ukubwa huo au zaidi wakati wa kurejesha, hata kama data ni GB 290 tu.

Mac

Time Machine, chombo cha bakapu cha Mac, haiandiki kwenye NTFS wala exFAT. Inataka APFS, fomati ya Apple, na Apple inashauri nafasi ya angalau mara mbili ya diski ya Mac yako. Mac ya GB 256 ipewe GB 512 au zaidi.

Fungua Disk Utility, kwenye "View" chagua "Show All Devices", kisha chagua mstari wa juu kabisa wa diski ya nje, si ule wa ndani yake. "Erase", fomati APFS, "Scheme" iwe GUID Partition Map. Kama diski itatumika na Mac pekee, huhitaji patisheni mbili. Volyumu za APFS hugawana nafasi moja, lakini unapoongeza volyumu kuna "Size Options" yenye sehemu mbili: "Reserve Size", nafasi isiyoweza kuchukuliwa na mwingine, na "Quota Size", kikomo ambacho volyumu haivuki. Volyumu ya filamu ipe kikomo. Kilichobaki ni cha Time Machine. Kuanzia macOS Ventura unaweza pia kuweka kikomo wakati wa kuongeza diski kwenye mipangilio ya Time Machine, kwa "Disk Usage Limit".

Diski ikihitajika na Windows pia, hapo tengeneza patisheni mbili za kweli, moja APFS na nyingine exFAT. Windows ikichomekewa diski hiyo italalamika kwamba patisheni moja haisomeki na kuomba kuifomati. Wafundishe wote nyumbani kubofya "Cancel".

Time Machine hutunza nakala za kila saa kwa saa 24, za kila siku kwa mwezi, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma, ikifuta za zamani nafasi ikiisha. Usifute mafaili ndani yake kwa mkono ukitafuta nafasi.

Linux

Tumia programu ya GParted, patisheni iwe na fomati ya ext4. Fahamu kwamba ext4 hujiwekea asilimia 5 kwa ajili ya mtumiaji mkuu: kwenye GB 900 ni GB 45 ambazo bakapu yako haizifikii. Zipunguze kwa

sudo tune2fs -m 1 /dev/sdb1

baada ya kuhakikisha jina la kifaa kwa lsblk -f. Kwenye /etc/fstab tumia UUID (namba ya utambulisho ya patisheni) na uongeze nofail, la sivyo kompyuta inaweza kugoma kuwaka diski ikiwa haipo. Déjà Dup inatosha kwa mafaili, Timeshift ni ya mfumo. Anayetumia amri ya kunakili ya rsync kwa ratiba aweke mountpoint -q mbele ya amri: diski ikiwa haijachomekwa, rsync inaandika kwenye folda tupu iliyo kwenye diski ya ndani na kuijaza mpaka mfumo ukwame.

Ufunguo, umeme na kuchomoa

Diski ya bakapu ina kila kitu chako na inaingia mfukoni. Mwenye Windows Pro aifunge patisheni ya BAKAPU kwa nenosiri kupitia BitLocker, bofya kulia kisha "Turn on BitLocker". Ufunguo wa kuokolea wenye tarakimu 48 uchapishe na uuweke pamoja na hati za nyumba, kamwe usiwe ndani ya laptopu hiyo hiyo pekee. Windows Home inaweza kufungua diski iliyofungwa hivyo lakini haiwezi kuifunga. Hapo programu ya VeraCrypt inafaa, ila ukubali kuifungua mwenyewe kila mara kabla File History haijaiona. Mac ina "Encrypt Backup" papo hapo unapoongeza diski. Nenosiri likipotea, data imepotea, na hakuna fundi atakayeirudisha.

Usiiache diski imechomekwa muda wote. Programu hasidi zinazofunga mafaili na kudai fidia hufunga kila diski inayoonekana, bakapu ikiwemo. Ichomeke jioni, acha ifanye kazi, chomoa kwa "Safely Remove". Wakati sahani zinazunguka usiisogeze. Mdondoko wa kimo cha meza diski ikiwa inaandika unaweza kuiua. Kompyuta ya mezani bila UPS ni hatari zaidi kuliko laptopu, kwa sababu diski ya USB inakatika sekunde ile ile umeme unapokatika. Ikitokea, endesha chkdsk M: /f kabla ya bakapu inayofuata. Kwa wakazi wa pwani, unyevu wenye chumvi hula meno ya kebo, kwa hiyo ifungie diski kwenye chombo chenye kifuniko pamoja na pakiti za silika.

Mpigapicha Mmarekani Peter Krogh aliieneza kanuni ya nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, 1 ikiwa nje ya nyumba. Patisheni hii inakupa nakala ya pili tu. Ya tatu inaweza kuwa diski nyingine inayokaa kwa ndugu na kubadilishana nafasi na hii kila mwezi. Wingu nalo ni njia, ila piga hesabu ya bando kwanza: kupandisha GB 300 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde ni zaidi ya siku 5 mfululizo. Nyaraka na picha bora zaidi zinaweza kwenda wingu, na video zikabaki kwenye diski.

Jaribu kurejesha

Wiki ya kwanza, na baadaye kila miezi 3, rejesha vitu vitatu: picha moja ya zamani, waraka mmoja, na toleo la jana la waraka ulioubadilisha leo. Kwenye File History bofya "Restore personal files", rudi nyuma kwa mshale, kisha kwenye alama ya gia chagua "Restore to" na uweke folda nyingine ili usifute kilichopo. Fungua kila kimoja, maana kuona jina la faili hakuthibitishi kwamba linafunguka.

Halafu chomeka diski kwenye kompyuta ya mtu mwingine. File History huhifadhi mafaili ya kawaida ndani ya folda ya FileHistory, kila toleo likiwa na tarehe na saa kwenye jina, kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa. Saa za Dar es Salaam na Nairobi ziko mbele kwa 3, hivyo faili lenye saa 10 00 lilihifadhiwa saa saba mchana. Siku laptopu itakapoibwa, utaweza kuyachukua kwa mkono bila programu yoyote.

Patisheni ikikaribia kujaa kabla ya miaka 3, tafuta chanzo kwanza. Ndani ya FileHistory tazama ukubwa wa kila folda kwa "Properties"; mara nyingi ni faili moja au mawili yenye matoleo mamia. Folda zake ziondoe kwa "Exclude folders", kisha tumia "Clean up versions" kufuta matoleo yaliyozidi mwaka. Kupanua M: kwa "Extend Volume" kunawezekana tu kama nafasi tupu iko mara baada yake kwenye diski, maana yake kuifuta FILAMU. Ndiyo maana tulikata BAKAPU ya kwanza na FILAMU ya pili: ukilazimika kupanua, kinachofutwa ni kile usichokililia.

Afya ya diski ichunguze kwa programu ya CrystalDiskInfo kila unapojaribu kurejesha. Namba za kutazama ni 05, C5 na C6: sekta zilizohamishwa, zinazosubiri, na zilizoshindikana. Sifuri ni nzuri. C5 ikipanda kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, usihangaike kuitengeneza kwa chkdsk wala kuifomati upya. Nunua diski nyingine, kata patisheni zake kwa vipimo vipya, na uchukue bakapu mpya kutoka kwenye kompyuta ikiwa bado hai. Ile ya zamani iweke kando bila kuigusa mpaka jaribio la kurejesha kutoka kwenye diski mpya lifaulu.